Dripu Ileile, Watoto Wawili

Mtoto wa kilo 10, yaani wa mwaka mmoja hivi, ana damu kiasi cha mililita 800. Haifiki lita moja. Kila kilo ya mwili wake ina takriban mililita 80 za damu, na maamuzi mengi ya chumba cha dharura cha watoto huanzia kwenye hesabu hiyo ndogo: damu ipo kiasi gani, inasukumwa kwa kasi gani, na imebeba nini.

Swali letu leo ni moja. Mtoto ameletwa hospitalini na homa kali. Amelegea, anahema kwa shida, mikono yake ni ya baridi ingawa kifua kinachoma. Je, afunguliwe dripu ya maji iende kwa kasi? Mitaani kwetu jibu halina mjadala. Aliyetundikiwa dripu ametibiwa. Asiyetundikiwa amepuuzwa, na jamaa zake watalalamika hadi getini. Kwa miaka mingi vitabu vya madaktari navyo vilielekea huko huko. Kisha mwaka 2011 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na hata waliouandaa walipigwa na butwaa. Tutaufikia. Kwanza tujue seli inataka nini.

Seli hai huchoma glukosi kwa oksijeni ili ipate nguvu. Glukosi ina akiba yake kwenye ini, ingawa ya mtoto ni ndogo na huisha upesi akiwa mgonjwa na hali chakula. Oksijeni haina ghala la maana popote mwilini. Lazima ifike sasa hivi, na baada ya dakika moja ifike tena. Ubongo ukiikosa kwa dakika chache huanza kuharibika. Mtoto mdogo, ukilinganisha kilo kwa kilo, hutumia oksijeni takriban mara mbili ya mtu mzima. Huyu wetu wa kilo 10, akiwa ametulia na hana homa, hutumia kama mililita 65 za oksijeni kila dakika.

Zinamfikiaje? Moyo wake hupiga mara 120 kwa dakika, na kila pigo husukuma mililita 15 hivi. Zidisha: mililita 1,800 kwa dakika, yaani damu yake yote huzunguka mwili zaidi ya mara mbili ndani ya dakika moja. Kinachobeba oksijeni ndani ya damu hiyo ni himoglobini. Gramu moja ya himoglobini ikijaa hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Akiwa na gramu 12 katika kila mililita 100 za damu, basi kila mililita 100 hubeba oksijeni mililita 16. Zidisha tena: karibu mililita 290 kwa dakika. Anazohitaji ni 65. Zinazobaki hurudi moyoni bila kutumika, na hizo ndizo kinga yake siku ya shida.

Kwa hiyo mzigo wa oksijeni unategemea mambo matatu yanayozidishwa: idadi ya mapigo, kiasi cha damu katika kila pigo, na oksijeni iliyomo katika damu hiyo. Moja likishuka, mengine yapande, la sivyo seli zitakosa. Seli zinapokosa kwa sababu mzunguko wa damu umeshindwa kazi, madaktari huita hali hiyo shoku. Haina uhusiano na kushtuka kwa habari mbaya.

Mwili wa mtoto una namna yake ya kupambana. Moyo wake mdogo hauwezi kuongeza sana kiasi cha damu katika kila pigo, kwa hiyo hutegemea kasi: mapigo hupanda hadi 160, 180 na zaidi. Papo hapo mishipa midogo ya ngozi, mikono na miguu hujikaza ili damu iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Ndiyo maana mikono inakuwa baridi na kifua kinaunguza. Kwa sababu mishipa imejikaza, presha ya damu ya mtoto husimama vizuri kwa muda mrefu, na inapoanguka huwa mambo yameshaharibika. Anayesubiri presha ishuke ndipo aamini kwamba mtoto yu hatarini amechelewa.

Basi muuguzi hodari haanzi na mashine ya presha. Hushika kiganja cha mtoto. Hubonyeza kucha kwa sekunde chache hadi iwe nyeupe, kisha huiachia na kuhesabu: je, rangi imerudi ndani ya sekunde tatu? Hutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono na kupima kama yana nguvu au yanapotea chini ya kidole. Vipimo hivi havigharimu hata shilingi, na ni vya kweli, lakini kila kimoja kina udhaifu wake. Chumba chenye baridi kitampoza mkono mtoto mzima wa afya. Homa peke yake huongeza mapigo, na kulia pia. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka dalili zote tatu zionekane kwa pamoja kabla hujatamka shoku: mikono ya baridi, rangi ya kucha kuchelewa zaidi ya sekunde tatu, na mapigo ya haraka yaliyo dhaifu. Msomaji ashike jambo hili, maana ubishi wote ujao unapita hapa.

Sasa maji. Moyo hauwezi kusukuma damu ambayo haijaurudia. Mishipa ikipungukiwa, moyo hujaa nusu tu kabla ya kila pigo, na pigo linakuwa dogo. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Uskoti, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith alichanganya maji, chumvi na magadi akayapitisha moja kwa moja kwenye mishipa ya wagonjwa waliokuwa wameshanyauka kwa kuhara. Wengi walikufa hata hivyo, lakini baadhi ya waliokuwa wakikata roho waliinuka na kuzungumza. Alikuwa amerudisha kilichotoka. Dripu ilizaliwa kutokana na kipindupindu, na kwa ugonjwa wa namna hiyo hakuna aliyewahi kuipinga kwa hoja ya maana.

Fanya hesabu mwenyewe. Mtoto wetu wa kilo 10 aliyeharisha hadi akakaukiwa vibaya amepoteza kama asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo moja, ambayo ni lita moja ya maji. Mwongozo wa WHO kwa mtoto kama huyo ni mililita 100 kwa kila kilo: lita moja kamili. Akiwa ametimiza mwaka mmoja, mililita 300 za mwanzo huingia katika nusu saa na 700 zilizobaki katika saa mbili na nusu. Aliye chini ya mwaka hupewa kiasi hichohicho kwa kila kilo, ila kwa saa sita. Kilichotoka kimepimwa, kimerudishwa. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi tiba inayofuata sababu ya ugonjwa hatua kwa hatua, nitamwonyesha hii.

Shida ilianza pale hoja hiyo ilipohamishwa kwa mtoto ambaye hakupoteza maji. Katika maambukizi makali ya bakteria yaliyoenea mwilini, mishipa hulegea na kuvuja, damu inatuama pembezoni, na mikono inapoa vilevile. Ilionekana sawa kufikiri kwamba kujaza mishipa kutasaidia. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichapisha taarifa ya watoto 34 wenye shoku ya maambukizi. Waliopata zaidi ya mililita 40 kwa kilo katika saa ya kwanza walipona zaidi kuliko wenzao. Watoto 34 tu, na hawakupangwa kwa kura. Juu ya msingi mwembamba wa namna hiyo miongozo ya huko ilipanda hadi mililita 60 kwa kilo ndani ya saa ya kwanza. Kwa mtoto wetu hizo ni mililita 600 za maji ya chumvi, juu ya damu ya mililita 800.

Huku kwetu wodi nyingi hazikuwa zikifanya hivyo. Mashine za kupumulia hazikuwapo, na daktari mwangalifu aliogopa kujaza mapafu maji. Hali hiyo ndiyo iliyoruhusu swali kuulizwa kwa haki: ikiwa hatuna uhakika, tupime. Utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, ulianza Januari 2009 katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, Muheza, nchini Tanzania. Waliingizwa watoto 3,141 wenye homa kali, waliopungukiwa fahamu au kuhema kwa shida, na wenye angalau dalili moja ya mzunguko wa damu kulegea. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kura iliwagawa makundi matatu. Kundi moja lilipata maji ya chumvi kwa haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kilo; la pili likapata albumini, yaani protini ya damu iliyo katika maji, kwa kiasi hicho hicho; la tatu halikupata maji ya haraka. Makundi yote yalipata dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni, sukari na damu kwa waliohitaji, pamoja na maji ya taratibu ya kawaida.

Walitarajia maji yaokoe. Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu ilisimamisha utafiti kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa. Katika saa 48, waliokufa walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikupata maji ya haraka. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi, walikufa watatu zaidi.

Kwa nini? Turudi kwenye hesabu yetu. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, na karibu theluthi moja walikuwa na himoglobini chini ya gramu 5. Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye gramu 4. Kila mililita 100 za damu yake sasa hubeba oksijeni mililita 5.4 tu. Moyo umepanda hadi mapigo 180, kwa hiyo unasukuma mililita 2,700 kwa dakika, na mzigo wote ni mililita 145. Homa ya nyuzi 40 imeongeza mahitaji: kila nyuzi moja ya homa huongeza takriban asilimia 10, basi zile 65 zimekuwa kama 85. Akiba yake ni 60.

Mpe maji ya chumvi mililita 200 kwa haraka. Gramu za himoglobini hazikuongezeka, ila sasa zinaelea katika lita nzima badala ya mililita 800. Zile gramu 4 zimekuwa 3.2, na kwa kasi ileile ya moyo mzigo umeshuka hadi 116. Akiba imebaki 31, karibu nusu ya ile ya mwanzo. Ili kufidia hasara hiyo tu, kila pigo la moyo liongezeke kwa robo nzima, na moyo wenyewe ndio huo unaokosa oksijeni. Sasa badala ya maji mpe damu mililita 200 yenye gramu 12. Himoglobini inapanda hadi 5.6, na mzigo unafika 200 na ushee. Ujazo ni uleule, mshipa uleule, sindano ileile.

Ningependa kusema kwamba hesabu hii inamaliza kila kitu. Haimalizi. Madhara yalionekana pia kwa watoto ambao hawakuwa na upungufu mkubwa wa damu, na kwa wasiokuwa na malaria. Uchambuzi uliochapishwa na watafiti hao mwaka 2013 ulitoa jambo ambalo kila mhudumu wa dharura angelibandika ukutani. Baada ya saa moja, watoto waliopewa maji walionekana bora: shoku ilikuwa imeondoka kwa asilimia 43 yao, dhidi ya asilimia 32 ya wasiopewa. Mkono umepata joto, mapigo yameshuka, mama amevuta pumzi, daktari amesogea kwa mgonjwa mwingine. Vifo vya ziada vilikuja baadaye. Tena havikutokana hasa na mapafu kujaa maji, kama wengi walivyohofu. Kilichoongezeka ni mzunguko wa damu kuanguka kabisa.

Maelezo mawili yanaingia akilini. La kwanza ni la kikemia. Lita moja ya maji ya chumvi ya hospitali ina kloridi milimoli 154, wakati damu ina kama 100. Kuimwaga kwa wingi huisukuma damu kuelekea kwenye asidi, nayo damu ya mtoto huyu tayari ina asidi kwa sababu seli zake zimekosa oksijeni. Sehemu kubwa ya maji hayo haikai mishipani. Ndani ya saa moja au mbili huvujia kwenye tishu na kuzivimbisha. La pili ndilo linalonifikirisha zaidi. Mapigo ya haraka na mishipa iliyojikaza vilikuwa ulinzi wa mtoto mwenyewe. Maji ya ghafla yakaondoa ulinzi huo, na ugonjwa ukabaki palepale.

Wakosoaji walijitokeza, hasa kutoka nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Walisema wengi wa watoto wale hawakuwa na shoku ya kweli, kwa kuwa walihitajika kuwa na dalili moja tu. Hoja hiyo ina uzito, nasi tulishaona jinsi dalili moja inavyodanganya. Lakini katika utafiti walikuwamo watoto 65 waliotimiza dalili zote tatu za WHO. Kati ya 50 waliopata maji ya haraka walikufa 24. Kati ya 15 wasiopata walikufa watatu. Idadi hiyo ni ndogo mno kutoa hukumu. Hata hivyo, haimsaidii anayedai kwamba shoku ya kweli ingelitetea maji.

Mwaka 2016 WHO ilibadilisha mwongozo wake. Mtoto mwenye dalili moja au mbili za mzunguko kulegea, bila shoku kamili, asipewe maji kwa kasi. Mwenye zote tatu apewe mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, huku akiangaliwa kwa karibu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu atafutiwe damu. Mwenye kuhara na kukaukiwa maji anaendelea na lita yake kama zamani.

Hata damu nayo ina masharti. Utafiti mwingine uliofanywa Uganda na Malawi, ukachapishwa mwaka 2019, ulilinganisha mililita 20 na 30 za damu kwa kilo kwa watoto wenye upungufu mkali. Kwa jumla hapakuwa na tofauti ya vifo. Walipotenganishwa kwa homa, picha ikabadilika: wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, wenye homa walifanya vizuri zaidi kwa kile kidogo.

Kwa hiyo mpangilio wa chumba cha dharura si urasimu. Njia ya hewa iko wazi? Anapumua vipi, na oksijeni katika damu yake ni asilimia ngapi? Mikono na mapigo vikoje? Ana fahamu, ana degedege, sukari yake imeshuka? Amepoteza maji? Maswali haya hupitiwa katika dakika za mwanzo, kabla ya faili kuandikwa na kabla ya mtu kuulizwa habari za bima. Mtoto mwenye dalili ya hatari hapangi foleni, na mzazi ana haki ya kuivuka foleni hiyo na kusema kwa sauti: mtoto wangu hanyonyi, ametapika kila kitu, amepata degedege, hazinduki.

Makala hii si ruhusa ya kumng'oa mtoto sindano, wala ya kubishana na daktari kitandani. Kuna jambo moja ambalo hakuna kipimo cha wodini kitakachomwambia daktari haraka kama mama au baba anavyoweza. Unapofika, sema hata kabla hujaulizwa: ameharisha au hajaharisha, na kama ameharisha ni mara ngapi tangu jana, mkojo wa mwisho alitoa lini, homa ilianza siku gani, amepewa dawa gani nyumbani au dukani. Beba kadi ya kliniki yenye uzito wake wa karibuni, maana kila kiasi cha maji, damu na dawa atakachopewa kitazidishwa kwa kilo zake.